Mjadala: Sendika moja ya nchi nzima, ao tubaki na utitiri huu?

Fundi umeme wa Ruashi (mfungua mjadala)

Jambo kwenu wote, wakubwa na wadogo wa Lubumbashi, na wale wa Likasi na Kolwezi mnaotusoma.

Mwezi uliopita, kwenye kampuni ninakotumika, tulichagua madelege, ndiyo wawakilishi wetu mbele ya kampuni. Sisi ni wafanyakazi mia tatu na kidogo, wengi wetu tumechukuliwa na kampuni ndogo inayotukodisha kwa kampuni kubwa ya migodi. Sendika (vyama vya wafanyakazi) zilizokuja kutuomba kura zilikuwa sita. Kila moja na fulana zake, kila moja na mkubwa wake anayesema ametumwa na ofisi ya taifa. Kura ilipokwisha tuliomba mambo mawili tu: viatu vya usalama, na basi ya kurudisha watu wa zamu ya usiku. Siku tisa baadaye tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Sendika moja kati ya zile sita ilikuwa imekwisha kusaini kwamba mambo hayo yatazungumzwa mwaka ujao. Madelege wa zile tano waliisoma karatasi ile wakiwa wamesimama pamoja na sisi, na wao hawakujua kitu.

Swali langu basi: Kongo irudi kwenye sendika moja ya nchi nzima, ao tubaki na utitiri huu tulionao tangu 1990? Mimi nasema irudi moja, na naeleza kwa nini.

Wazee wetu walianza bila kitu. Sheria ya mkataba wa kazi ya 1922 ilimfanya Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mhalifu wa kufungwa na kutozwa faini. Desemba 1941, shaba ya hapa ilipokuwa inapelekwa vitani na bei za sokoni zinapanda, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waligoma, Jadotville (ndiyo Likasi) na hapa Élisabethville (ndiyo Lubumbashi). Wazungu wa kampuni ileile walikuwa wamekwisha kujipanga kudai ya kwao. Weusi hawakuruhusiwa sendika, hawakuwa na ofisi wala muhuri. Tarehe 9 watu wamejaa kwenye uwanja wa mpira, gavana wa mkoa Amour Maron akaja na askari. Léonard Mpoyi, karani, ndiye aliyesema kwa ajili ya wenzake. Aliuawa palepale, na makumi ya wengine wakaanguka pamoja naye. Nikipita kwenye lile bomba refu la moshi na mlima wa takataka za shaba, watoto wakiniuliza ni nini, huwa nawasimulia habari za Mpoyi kabla ya habari za shaba.

Watu wale walijua kusimama mahali pamoja. Leo waajiri wanasimama mahali pamoja kuliko sisi: wana chama chao, FEC, kilichozaliwa 1972 kwa jina la ANEZA, na kikifika kwenye Baraza la Taifa la Kazi kinajua kinachotaka. Sisi tunafika huko tukisukumana kwa viti. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu zangu. Semeni.


Mstaafu wa Kamalondo

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Uchungu wako ni wa kweli. Habari ya uwanja wa mpira baba yangu aliitaja kwa sauti ya chini hata miaka mingi kisha uhuru, na nafurahi kuona kijana anaitaja kwa sauti kubwa. Lakini dawa unayoitaka sisi tuliinywa, na ladha yake ningali nayo mdomoni.

Nianzie pale ulipoachia. Damu ya 1941 haikuleta sendika kesho yake. Ikafuata 1944 maasi ya askari wa Luluabourg, ikafuata 1945 mgomo wa bandari ya Matadi, na vita ilipokwisha Wabelgiji wakaona afadhali wafungue mlango kidogo kabla haujavunjwa. Mwaka 1946 Mwafrika akaruhusiwa sendika, lakini sendika ya kuchungwa, mtawala akiwa juu yake. Union Minière nayo ikaunda mabaraza yake ndani ya kampuni, ambamo watu walizungumza habari za posho na nyumba za kambi, mradi wasiguse mambo makubwa. Mlango kamili ulifunguliwa 1957. Uhuru wetu ulikuja 1960, na 1967 mlango ukafungwa tena. Hesabu mwenyewe: miaka kumi. Ndiyo miaka yote ya sendika huru ambayo watu wa umri wangu walikulia ndani yake.

Na ndani ya miaka ile kumi zilikuwako tatu kubwa: UTC ya upande wa Wakristo, iliyolelewa na sendika ya Wakristo wa Ubelgiji, FGTK, iliyotokana na wasoshalisti wa kulekule, na CSLC. Ziligombana, sikatai. Ziligombania hata magari na viti vya safari za Ulaya. Lakini mfanyakazi aliyekosewa na moja alikuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Juni 1967 zikaunganishwa zote, ikawa UNTC, na nchi ilipobadili jina 1971 ikawa UNTZa. Kiongozi wake wa kwanza, André Bo-Boliko, alitoka UTC, mtu mwenye akili. Tazama alikofika: alikuwa mkubwa wa Bunge, kisha 1979 Waziri Mkuu. Kabla yake Cyrille Adoula, naye mtu wa sendika, alikuwa Waziri Mkuu tangu 1961, lakini wakati wake sendika hazikuwa bado moja. Huyu wa pili aliingia na sendika yote mgongoni. Mtu anayekusemea kwa serikali, akiwa yeye mwenyewe ndani ya serikali, unamtuma kwa nani?

Mchango ulikatwa kwenye mshahara wa kila mtu, akubali asikubali. Sendika ilikuwa tawi la MPR, chama cha pekee cha Rais Mobutu, kama tawi la vijana. Kwenye kampuni nilikotumika asubuhi ilianza kwa kuimba na kucheza ngoma ya kumsifu Rais kabla hatujashika nyundo, na delege alikuwa mbele, ndiye anayeanzisha wimbo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Tulikuwa na nguvu gani wakati ule, tukisimama siku tatu tu! Nani angetuambia tusimame?

Wewe umesema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa. Lakini vidole vyote vikifungwa kamba, na kamba iko mkononi mwa mtu mwingine, chawa atakutembelea usoni nawe unamwangalia.


Fundi umeme wa Ruashi

Papa, asante kwa kunifundisha, na sisemi haya kwa kukukosea heshima. Ile UNTZa iliharibiwa na chama, na chama kilianguka. Mobutu alisema maneno yake tarehe 24 Aprili 1990, vyama vikawa vingi, sendika zikawa nyingi. Tumepata nini kwa wingi huo? Gécamines iliyotoa zile tani zako, kufika 1993 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 watu 10,655 wakatolewa kwa jina la kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia, wakalipwa kwa mkupuo mmoja. Wakati huo sendika zilikuwa nyingi kama mchanga. Wengi waliondoka hawaridhiki na hesabu, na ilibidi wajiundie kundi lao wenyewe ili wadai. Mtu mwenye sendika anajiundiaje kundi lingine la kumdaia haki yake? Maana yake ile ya kwanza ilikuwa jina tu.


Mwanafunzi wa sheria, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Niingie kwa ufupi, maana kuna jambo ambalo haliko mikononi mwetu. Hata tukikubaliana wote hapa, hakuna anayeweza kuamuru sendika iwe moja. Katiba ya 2006, kifungu cha 38, inalinda uhuru wa sendika, na cha 39 kinalinda haki ya kugoma. Kongo pia iliridhia 2001 mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi la Dunia, ule wa 1948, unaosema mfanyakazi ajiunge na chama anachokitaka yeye. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 ikajengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo yaya (mkubwa wangu) Fundi, swali lako ligeuze kidogo: wafanyakazi wenyewe wanaweza kuungana vipi bila kuamriwa? Hapo sheria haikuzuii hata kidogo.


Dereva wa Kasumbalesa

Mimi navuka mpaka wa Zambia kila wiki, na nataka kuleta habari za jirani, maana watu wa migodi ya kule ni ndugu zetu. Walamba na Wabemba wako pande zote mbili.

Historia yao na yetu ni pacha mpaka mahali fulani. Na wao walipigwa risasi: 1935 Luanshya walikufa sita, 1940 Nkana walikufa kumi na saba. Lakini kule Waingereza waliachia mapema. Mwaka 1949 wachimbaji Waafrika wakawa na sendika yao, moja kwa migodi yote, Lawrence Katilungu akiwa kiongozi. Nchi ilipopata uhuru, sendika zote zikakusanywa 1965 ndani ya ZCTU, shirikisho la sendika za Zambia. Rais Kaunda naye alikuja kuwa na chama kimoja, sawasawa na Mobutu wetu. Ila ZCTU hakuweza kuimeza. Frederick Chiluba aliyeiongoza tangu 1974 alikataa kuinama. 1981 akawekwa kizuizini pamoja na wenzake, akatoka, akaendelea palepale. Mwaka 1991 akamshinda Kaunda kwa kura.

Nikiwa nangoja foleni ya malori pale mpakani huwa nawauliza wazee wa Chililabombwe, mji wa migodi upande wa Zambia: mlifanyaje? Jibu lao ni moja: tawi la mgodi ndilo lilikuwa na nguvu. Kule chini watu walichagua wanayemjua, wakamwondoa waliyemchoka. Aliyekaa juu alijua kwamba kiti chake kimebebwa na watu wa chini ya ardhi.

Niseme na upande wa pili, nisije nikawadanganya. Chiluba huyohuyo alipokuwa Rais ndiye aliyeuza migodi ya serikali, na maelfu wakapoteza kazi. Wazee wale wakifika hapo kwenye hadithi wananyamaza kwanza.


Muuguzi wa Katuba

Nimefuata wanaume mkivutana kuhusu moja na nyingi. Mimi ni mfanyakazi wa serikali, na kwetu historia inapitia mahali panapoitwa Mbudi.

Tarehe 12 Februari 2004, kule Mbudi, pembezoni mwa Kinshasa, sendika za watumishi wa serikali zilikaa pamoja. Zilikuwa nyingi, wala hazikujifanya moja. Lakini zilikwenda na karatasi moja, zikasaini na serikali ngazi za mshahara toka juu hadi chini, na wa chini kabisa, tarishi, aliwekewa dola 208 kwa mwezi. Mimi wakati ule nilikuwa bado shuleni. Nimeingia kazini, nimezaa, watoto wangu wanasoma, na kwenye kila mgomo wa waalimu, wa wauguzi, wa watu wa ofisi, neno Mbudi bado linatajwa. Limekuwa kama deni la ukoo.

Ndiyo maana nasema, Fundi, kilio chako cha umoja nakielewa, ila umoja wa siku ya kusaini sisi tulikuwa nao. Kilichotupungukia ni umoja wa kesho yake. Waliosaini walitawanyika. Wengine waliitwa kwenye mazungumzo ya pembeni, kila kundi na ahadi yake: hawa nyongeza ya hatari, wale nyongeza ya usafiri. Serikali haikuhitaji kuvunja makubaliano. Ilitoa vipande vidogovidogo, na kila sendika ikakimbilia kipande chake ili iwaonyeshe watu wake kitu.

Na tuseme ukweli kuhusu pesa. Hospitalini kwetu (jina naliacha) tulikatwa mchango kwa miaka miwili kwa ajili ya sendika ambayo hakuna aliyekumbuka kujiandikisha. Tulipouliza zinakwenda wapi, delege alisema ziko kwa mkoa; wa mkoa akasema ziko Kinshasa. Tukagoma wiki tatu, na hakukuwa na hata kikopo cha unga cha kumsaidia mwenzetu mjane mwenye watoto watano. Alirudi kazini siku ya kumi. Watu walimwita msaliti. Mimi nilikataa kumwita hivyo na nakataa mpaka leo. Mgomo hauna mfuko, mwenye njaa atakwenda wapi? Mkono mtupu haulambwi. Kwangu mimi mjadala wa moja ao nyingi unakuja nyuma ya swali hili: mchango wangu unashikwa na nani, na hesabu inasomwa wapi, mbele ya nani?


Mchimbaji wa Kolwezi

Nasoma, nasoma, sioni jina letu. Sisi tunaochimba kwa mikono ni wengi kuliko ninyi wa mikataba. Sheria inatuambia tuingie kwenye koperative (ushirika), na koperative nyingi zina mwenyewe, mtu mkubwa ambaye hajawahi kushika sururu. Hatuna delege, hatuna uchaguzi, shimo likituangukia hakuna anayetangaza mgomo. Hiyo sendika yenu ya nchi nzima, nchi hiyo inaishia wapi?


Fundi umeme wa Ruashi

Nimekaa na majibu yenu siku mbili, na sikuyaandika haya haraka.

Mchimbaji, umenigusa. Sikukutaja kwa sababu sikukufikiria, na hilo ni kosa langu. Kwenye kampuni yetu kuna watu wanaotoka shimoni kwenu na kuja kwetu miezi mitatu kisha wanarudi. Ni watu walewale. Sina jibu la sheria kwako, lakini mkutano ninaouita hapa chini uko wazi kwako.

Papa wa Kamalondo na mdogo wangu wa UNILU, neno moja nalirudisha. Sendika moja kwa amri, hapana. Lile la Bo-Boliko limeniingia. Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo. Lakini neno la pili nalishika kwa nguvu zaidi: sahihi iwe moja. Sendika zikae sita, zikae hata kumi, kila mtu na fulana yake. Ila karatasi ya kampuni isisainiwe mpaka madelege wote wamekaa meza moja, na kabla ya wino, karatasi isomwe mlangoni, zamu ya asubuhi na zamu ya usiku, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakisikia. Hizi karatasi zinaandikwa Kifaransa cha wanasheria, na nusu ya watu wanaambiwa tu zinasema nini.

Kwa nchi nzima naona vilevile. Hesabu ya kura za madelege ipo, maana chaguzi zinafanyika. Sendika zikae kwenye baraza lao kufuatana na kura hizo, na zile zisizo na kura zikae nyuma zisikilize. Baraza hilo ndilo liende mbele ya FEC na serikali, na anayekwenda aende na maneno aliyopewa, asiyaongeze wala asiyapunguze. Dereva, wazee wako wa Chililabombwe wamenipa nguvu hapo: tawi kwanza.

Na yaya Muuguzi, la mfuko ni lako, wewe ndiye umelileta. Nimeanza. Kwenye zamu yangu tuko ishirini na wawili, tumekubaliana kila mmoja kutoa franka elfu mbili kwa mwezi, nje ya mchango wa sendika yoyote. Daftari liko kwa mama anayepika kantini, kwa sababu hayuko kwenye sendika hata moja na kila mtu anamwamini. Kila mwisho wa mwezi analisoma wazi.

Jumamosi hii nimewaita madelege wa zile sendika sita, Ruashi, chini ya mwembe karibu na soko, saa tisa mchana. Wanne wamesema watakuja. Mmoja amesema lazima aombe ruhusa kwa mkoa. Yule aliyesaini hajajibu.


Mstaafu wa Kamalondo

Nitakuja, kama mstaafu anaruhusiwa. Nitakaa upande, sitasema mpaka niulizwe.

Huyo aliyesaini msimtukane akija. Nimeona delege wengi wa namna yake: wameitwa ofisini peke yao, wameketishwa kwenye kiti kizuri, wameonyeshwa karatasi, wameambiwa wenzako wamekwisha kukubali. Mwulizeni aliketi na nani siku ile, na karatasi aliiona kwa muda gani. Akijibu hayo mawili, mtajua mengi kuhusu kampuni yenu.

Hilo la taifa bado sijakukubalia, mwanangu. La mlangoni na la daftari nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini baraza lako la kura litakaa Kinshasa, maana kila kitu kinakaa Kinshasa, na ndege ya kwenda huko inalipwa na nani? Anayemlipia delege tikiti ndiye atakayemwambia la kusema. Uliza hilo Jumamosi kabla ya yote.


Muuguzi wa Katuba

Papa, tikiti ilipwe na daftari la kantini. Nakuja na wauguzi wawili. Tutaleta viti, maana najua wanaume hamtakumbuka.